Ushuhuda Niliokosea: Uvimbe Ambao Haukuwa Kansa

Maandiko: Mambo ya Walawi 13:1-8 na 14:1-9, Yoshua 22:10-34



Wiki sita zilizopita nilisimama kwenye madhabahu hii nikawaambia kwamba Mungu amemponya mjomba wangu kansa ya hatua ya nne. Mlishangilia. Akina mama wa kwaya walipunga leso, mpiga ngoma akasahau kwamba ibada ya pili ilikuwa inangoja nje. Kuna mtu alirekodi kwa simu, na video hiyo imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka ikafika kwa watu wa kwetu Webuye ambao sijawaona tangu nimalize shule. Leo nimemwomba mchungaji kiongozi anipe nafasi ya mahubiri, pamoja na ukurasa huu, nisahihishe. Mjomba hakuponywa kansa. Mjomba hakuwa na kansa. Na siku nilipotoa ushuhuda ule, nilikuwa tayari najua hivyo.

Nasikia wengine mmeanza kuguna. Hebu tulieni, niwasimulie tangu mwanzo, halafu tufungue Biblia.

Mjomba wangu ni fundi seremala. Baba yangu alipofariki yeye ndiye aliyenilipia karo, kuanzia kidato cha kwanza mpaka chuo kikuu, kwa hivyo nikisema mjomba mjue nasema baba. Mwaka jana alianza kulalamika tumbo. Maumivu yalikuwa juu ya kitovu, hasa usiku, hasa akiwa na njaa. Kama kawaida yetu wanaume, alikunywa dawa za dukani miezi miwili kabla ya kukubali kwenda kliniki. Huko wakampiga picha ya ultrasaundi, na picha ikaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: vinundu ndani ya tumbo. Akatumwa picha ya CT. Ripoti ikarudi ikisema vinundu ni vingi, vimetapakaa, vingine vimeshika ule utando unaofunika matumbo, kimoja kiko karibu na ini, na kikubwa kabisa kina sentimita 4.

Ripoti ikaletwa kwangu. Katika ukoo wetu mimi ndiye nina digrii, na ingawa ni digrii ya biashara, karatasi yoyote yenye Kiingereza kigumu huishia mikononi mwangu. Nikasoma ule mstari wa mwisho, ambako daktari wa picha hutoa maoni yake. Sentensi ya kwanza ilisema vinundu hivi vinaelekea kuwa kansa iliyosambaa, chanzo chake hakijaonekana. Sentensi ya pili ilisema historia ya mgonjwa ichunguzwe na sampuli ichukuliwe ili kuthibitisha.

Nilisoma ya kwanza. Ya pili, macho yalipita juu yake kama vile haikuandikwa.

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ni kazi niliyosomea. Tulifundishwa kwamba kabla hujasema kampuni imefilisika, soma maelezo yaliyo nyuma ya hesabu, linganisha daftari na benki, nenda bohari ukahesabu mali kwa mkono wako. Ningemfelisha mwanafunzi yeyote ambaye angefanya na hesabu za kioski kile nilichofanya na tumbo la mjomba wangu.

Na ile "hatua ya nne" mliyoisikia kwangu, hakuna daktari aliyeisema. Niliitoa kwenye simu yangu usiku huo. Niliandika "kansa iliyosambaa", nikaona hatua ya nne, nikaipokea. Kesho yake nikafungua kundi la WhatsApp, nikaandika ujumbe wa mchango, nikaweka namba ya mweka hazina. Mliitika, na Mungu awabariki kwa hilo. Kwa siku 19 mlichanga shilingi 214,500. Nitarudi kwa pesa hizo.

Nyumbani mambo yalikwenda haraka. Mjomba aliita watoto wake akawaonyesha mipaka ya shamba. Aliacha kula, na kwa sababu aliacha kula akakonda, na kwa sababu alikonda sote tukasema mnaona, kansa hiyo inamla. Siku moja mkewe alimkuta kwenye karakana anachagua mbao za saiprasi, anazipima kwa urefu wake mwenyewe. Hakumuuliza ni za nini. Alirudi jikoni akanipigia simu.

Tulipopata miadi katika hospitali ya rufaa, tulipokelewa na daktari wa upasuaji, dada mdogo kiumri, pengine ananizidi mwaka mmoja au miwili. Hakuanza na ripoti. Alimlaza mjomba kitandani, akafunua shati, akaona kovu refu katikati ya tumbo. Akauliza, "Mzee, kovu hili ni la nini?"

Mjomba akajibu, "Hilo ni la zamani, daktari. Ni ajali ya matatu, mwaka 1998. Nilipasuka wengu, wakautoa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Kovu lile nimeliona tangu niko darasa la tatu. Mjomba akiranda mbao bila shati, sisi watoto tulikuwa tunalihesabu alama za nyuzi. Katika zile wiki zote za kulia na kuchanga na kukesha, halikuwahi kunijia akilini.

Daktari akanyamaza kidogo, halafu akaomba damu ya mjomba itazamwe kwa hadubini. Baadaye alinieleza sababu, na nitaieleza kwa lugha yetu kwa sababu nimegundua wengi hatujui hata wengu, ambao wengine huita bandama, unafanya kazi gani. Uko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ni kichujio cha damu. Unaondoa chembe nyekundu zilizozeeka au kuharibika, na unasaidia mwili kupigana na vijidudu, pamoja na malaria. Mtu aliyetolewa wengu, chembe zake nyekundu hubaki na vidoa vidogo ambavyo wengu ungekuwa umevisafisha. Damu ya mjomba haikuwa na vidoa hivyo. Ilikuwa damu ya mtu ambaye ana wengu unaofanya kazi mahali fulani mwilini, ilhali wengu wake ulitolewa zaidi ya miaka 25 iliyopita.

Kumbe, wapendwa, wengu ukipasuka kwa ajali, vipande vyake vinaweza kumwagika ndani ya tumbo. Daktari wa upasuaji anaondoa kile kiungo kilichopasuka na kuzuia damu, mgonjwa anapona anaenda nyumbani. Lakini vipande vidogo vilivyomwagika vinaweza kushika pale vilipoangukia, vikapata mishipa ya damu kutoka kwa majirani zao, vikakua polepole kwa miaka mingi. Vinaweza kuwa viwili, vinaweza kuwa kumi au zaidi. Vikishika kwenye utando wa tumbo, kwenye matumbo, karibu na ini, picha haiwezi kirahisi kuvitofautisha na kansa iliyosambaa. Ajali ikichana na ule ukuta unaotenganisha kifua na tumbo, vinaweza kupatikana hata kifuani. Hali hii inaitwa splenosi. Jina hilo ilipewa mwaka 1939 na madaktari wawili, Buchbinder na Lipkoff, kwa hivyo si jambo la jana. Mara nyingi mwenye nayo hasikii chochote. Inaonekana kwa bahati akipimwa kitu kingine.

Daktari alituambia kuna picha maalum ambayo huweza kumaliza ubishi bila kukata mtu. Wanachukua damu kidogo ya mgonjwa, chembe nyekundu zinapashwa moto ziharibike kidogo, zinatiwa alama ya mionzi hafifu, kisha zinarudishwa mwilini. Kwa kuwa kazi ya wengu ni kukusanya chembe zilizoharibika, kila kipande cha wengu kinazivuta na kung'aa kwenye picha. Kwa mjomba, madaktari waliamua kuingiza kamera ndogo kupitia tundu karibu na kitovu, wakatazame wenyewe na kuchukua kipande cha kupeleka maabara. Tulingoja siku 11. Jibu likaja siku ya Alhamisi: ni nyama ya wengu, salama kabisa, hakuna chembe ya kansa.

Na yale maumivu? Vidonda vya tumbo. Walipitisha kamera mdomoni wakaviona, wakampa dawa za siku 14. Sasa anakula ugali na mrenda kama kijana wa jando.

Hivyo vinundu havikuondolewa. Daktari alisema havina haja ya kuguswa, na huenda hata vinamsaidia kidogo kazi ya ulinzi, ingawa mtu asivitegemee. Alimpa chanjo ambayo watu waliotolewa wengu hupaswa kupata, akamwambia alale ndani ya neti kila siku, na akipata homa asingoje kesho. Kama kwenye familia yako kuna mtu aliyewahi kutolewa wengu, mwambie aulize kuhusu chanjo hizo. Na kila akienda hospitali, kwa shida yoyote, aseme. Mjomba hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kwa sababu aliona ni habari ya zamani.

Niongeze hili, maana akina mama wawili waliniuliza baada ya ibada ya kwanza. Splenosi si jambo pekee linaloweza kuvaa sura ya kansa iliyosambaa. Kuna wanawake ambao tishu za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo na kushika huku na huku tumboni. Kuna uvimbe wa nyama za uzazi, ule tunaouita faibroidi, ambao mara chache hutawanyika kwenye utando wa tumbo. Ni wengi, unatisha kwenye picha, na si kansa. Halafu kuna TB ya tumbo, ambayo kwa nchi yetu lazima tuikumbuke. Inaweza kujaza tumbo maji, ikaacha vinundu kila mahali, hata ikapandisha kile kipimo cha damu cha CA-125 ambacho watu wakikiona juu hufikiri moja kwa moja kansa ya ovari. TB ni ugonjwa wa hatari, sisemi ni mchezo. Lakini dawa zake kwa kawaida ni za miezi sita na serikali inazitoa bure. Hebu fikiri mtu anapelekwa nyumbani akafie huko, na dawa yake iko kwenye zahanati iliyo kilomita mbili kutoka kwao.

Sasa turudi kwa ile Jumapili. Alhamisi daktari alinieleza yote haya niliyowaandikia. Nilielewa. Ijumaa nilimshukuru Mungu chumbani kwangu nikiwa na akili timamu. Lakini Jumamosi usiku nilipokuwa naandaa ushuhuda, nilianza kuona aibu. Nimewafanya watu wachange, nimewafunga siku tatu, nimekesha nao, halafu nisimame niseme kumbe hakukuwa na kansa? Watasema pastor msaidizi aliwapotosha. Ushuhuda wa "Mungu amefuta hatua ya nne" ulikuwa na nguvu zaidi, na ulinificha. Nikauchukua huo.

Mjomba alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakupiga makofi. Tulipofika nyumbani kwangu alikula kimya, akanawa mikono, akaniambia, "Mpwa wangu, kweli ya Mungu ilikuwa ndogo kwako mpaka ukaiongezea?" Hakusema zaidi. Alichukua kofia yake, akaomba apelekwe stejini.

Ningemeza aibu hiyo nikaendelea, niwe mkweli. Nilijiambia Mungu ametukuzwa, video ina watu wengi, kwa nini niivuruge? Kilichonivunja ni dada mmoja wa kanisa hili. Amenipa ruhusa kusema habari yake bila jina. Yeye ana kansa ya matiti, imethibitishwa kwa sampuli, na alikuwa katikati ya matibabu ya dripu, ile kemo. Wiki tatu baada ya ushuhuda wangu alinijia ofisini. Akaniuliza swali ambalo sitalisahau: "Pastor, mjomba wako alipona hatua ya nne bila dripu hata moja. Mimi niko hatua ya pili. Ni dhambi gani niliyo nayo ambayo yeye hana?" Nikamuuliza matibabu yanaendeleaje. Akasema ameacha. Tarehe mbili za kliniki zilikuwa zimepita. Alikuwa anafunga.

Wapendwa, nilifunga mlango wa ofisi nikamwambia ukweli wote. Alilia, na baadaye kidogo alinikasirikia, na alikuwa na haki. Siku iliyofuata mke wangu alimsindikiza kliniki. Amerudi kwenye matibabu. Zile wiki alizopoteza siwezi kumrudishia.

Ndiyo maana leo tuko kwenye Walawi 13, sura ambayo wengi huiruka wakielekea Zaburi. Fungua nami. Mtu ametokewa na uvimbe au kipaku kwenye ngozi, analetwa kwa kuhani. Angalia kuhani anafanya nini. Hapakwi mafuta mtu. Hakuna kelele. Kuhani anatazama. Anatazama rangi ya nywele za pale mahali, anatazama kama pigo limeingia ndani kuliko ngozi. Kama hana hakika, halazimishi jibu: anamweka mtu kando siku 7. Anatazama tena. Kama bado, siku 7 nyingine. Kisha mstari wa 6: ikiwa pigo limefifia na halikuenea, kuhani anatangaza kwamba huyu ni safi, kile kilikuwa kikoko tu. Mtu anafua nguo zake, anaenda nyumbani.

Siku 14 za kutazama, na huyo ni Mungu ametoa utaratibu, Mungu ambaye angeweza kumnong'oneza kuhani jibu kwa sekunde moja. Mimi nilihitaji dakika tatu na simu.

Sasa njoo sura ya 14. Huku ni mtu mwingine: alikuwa na ukoma kweli, na amepona kweli. Kwake kuna utaratibu mkubwa. Ndege wawili walio hai, mti wa mwerezi, sufu nyekundu, hisopo. Damu, maji ya chemchemi, kunyolewa, na siku ya nane sadaka. Hiyo ni ibada ya ushuhuda, iliyojaa. Sasa nikuulize, na umgeukie jirani yako umuulize: yule wa kikoko, alileta ndege wangapi? Hakuna. Alifua nguo.

Nimesoma Biblia miaka mingi na sikuwahi kuona kwamba Bwana aliweka watu hawa wawili katika sura mbili. Aliyeponywa ana sura yake. Aliyedhaniwa mgonjwa akakutwa si mgonjwa ana mstari wake. Mimi nilimchukua mjomba wa sura ya 13 nikamvalisha ndege wa sura ya 14, na mtu wa sura ya 14 halisi, dada yetu, akaona sadaka yake haitoshi.

Wala usisome mstari wa 6 ukafunga kitabu. Mstari wa 7 na wa 8 unasema kikoko kikienea baada ya mtu kuonwa safi, arudi kwa kuhani, na kuhani anaweza kubadilisha hukumu. Nasema hili kwa wale ambao tayari nimewaona mkitabasamu, mnawaza, "Kumbe hata huu wangu ni kitu kidogo, sitarudi hospitali." Hapana. Mjomba alipona hofu yake kwa kupimwa zaidi, hakupona kwa kukataa kupimwa. Ikiwa una uvimbe, au umeambiwa kuna kitu kwenye picha, jibu lako liko kwenye sampuli, haliko kwenye hadithi ya mjomba wangu. Tena Yesu mwenyewe, katika Mathayo 8:4, alipomtakasa mwenye ukoma, alimtuma kwa kuhani akatazamwe. Muujiza wa Yesu haukuogopa kukaguliwa.

Naamini uponyaji. Nimewekewa mikono, nimewawekea wengine mikono, nimeona mambo ambayo siwezi kuyaeleza, na nitaendelea kuombea wagonjwa kwenye madhabahu hii mpaka Bwana anichukue. Mtu asitoke hapa akisema pastor ameacha imani. Ninachosema ni kwamba sikuwa na haki ya kumpa Mungu sifa ya jambo ambalo hakulifanya, kana kwamba yale aliyoyafanya hayatoshi. Alimlinda mtu kwenye matatu iliyobingirika. Aliumba nyama ambayo ikimwagika inaweza kushika tena na kuendelea na kazi yake miaka 25 bila mwenyewe kujua. Alimweka daktari mmoja mahali ambapo angeuliza swali moja. Huo ndio ulikuwa ushuhuda wangu, na niliuacha mezani.

Kwa Yoshua 22 nitapita haraka, muda umekwisha, lakini nendeni mkaisome na familia. Makabila ya ng'ambo ya Yordani, Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, yalijenga madhabahu kubwa ya kutazamwa. Wenzao waliposikia wakakusanyika Shilo, tayari kwa vita. Na usiwacheke, walikuwa na sababu. Walikumbuka Peori, watu 24,000 walikufa. Walikumbuka Akani, watu 36 waliangamia Ai kwa ajili ya kosa la mtu mmoja. Hawa walikuwa wameuguza ugonjwa wa kweli, ndiyo maana kila uvimbe waliuona ni ugonjwa ule ule umerudi, umesambaa. Nawaelewa sana. Mama yetu mzazi alikufa kwa kansa, na nadhani hata macho yangu yaliruka ile sentensi ya pili kwa sababu hiyo.

Lakini tazama walimtuma nani kwanza. Finehasi! Yule yule wa Hesabu 25 aliyeshika mkuki pale Peori. Mtu mwenye wivu wa Mungu kuliko wote, na safari hii hakutangulia na mkuki. Alienda na wakuu 10, akauliza. Aliuliza kwa ukali, ndiyo, lakini aliuliza kisha akanyamaza asikilize. Akaambiwa madhabahu ile si ya kutolea dhabihu, ni ya ushahidi, ili watoto wa kesho wasije wakaambiwa hawana fungu kwa Bwana. Finehasi akaridhika, akarudi kwao akawaambia alichosikia, na habari ya vita ikaisha hapo. Fikiria mkuki ungetangulia, ni ndugu wangapi wangelala chini kwa ajili ya rundo la mawe lisilo na kosa.

Sasa mambo ya pesa. Katika zile shilingi 214,500 mlizochanga, zilizotumika ni 131,200: picha, kamera zote mbili, maabara, dawa, chanjo na nauli. Risiti ziko zote, nimezipanga kwa tarehe. Zimebaki 83,300. Mlitoa kwa ajili ya kansa, kwa neno langu, na neno langu halikuwa kweli. Kwa hivyo yeyote anayetaka kurudishiwa sehemu yake aje, hataulizwa sababu wala hatatajwa. Daftari liko kwa mweka hazina mpaka Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Zitakazobaki, wazee wamekubali ziwe nauli na chakula cha washirika wetu wanaohudhuria kliniki za kansa. Tunao wanne tunaowajua, na kama ni wa tano hatumjui, amwone mke wangu.

Vilevile, kuanzia sasa, ushuhuda wowote wa uponyaji wa ugonjwa uliopimwa hospitali utasomwa kwanza na kamati pamoja na karatasi za mwanzo na za mwisho. Utaratibu huu unaanza na mimi. Mliotuma ile video, nawaomba mtume na ukurasa huu kwa watu wale wale.

Mjomba atakuwa nasi Jumapili ijayo. Zile mbao za saiprasi amezitengenezea mkewe kabati. Amesema atakayetaka kuuliza kuhusu wengu amkute chini ya mti pale nje baada ya ibada, lakini maikrofoni hataki.